Kabla ya Kumimina, Aliniuliza Ninakula Nini

Jumamosi nilikuwa Peso da Régua, mji wa Ureno kando ya mto Douro, kwenye mkahawa wenye meza sita. Nikaagiza mvinyo mwekundu. Mzee mwenye mkahawa hakuniuliza mtamu au mkali. Aliuliza, "Unakula nini?" Nikamwambia mbuzi mchanga wa kuoka na viazi. Akaitikia kwa kichwa, akaleta jagi la udongo, akakata mkate.

Swali hilo halijanitoka. Mimi ni mtoto wa kijiji cha Mpunguzi, Dodoma, nimekulia shambani kwenye mizabibu, na Dodoma sijawahi kuulizwa hivyo hata siku moja.

Mvinyo ule ni mchanganyiko. Touriga Nacional, zabibu ndogo yenye ganda nene, ndiyo inayoleta rangi nzito, harufu ya maua na ukakasi. Touriga Franca inaongeza harufu, Tinta Roriz inaupa uzito mdomoni. Kwenye mashamba ya zamani ya huku utakuta aina nyingi zimepandwa pamoja na zinavunwa pamoja, kama bibi alivyochanganya uwele, kunde na maboga kwenye shamba moja. Ukiunywa mtupu, ulimi unakauka kama umeng'ata ndizi mbichi. Lakini tafuna kwanza pande la mbuzi lenye mafuta, kisha piga funda moja: ukakasi unalainika, mafuta yanasafishika, na utamu wa matunda meusi uliokuwa umejificha unajitokeza. Nilirudia mara tatu kuhakikisha. Ndiyo maana mzee aliuliza.

Najua mtakachosema. "Umekaa Ureno miaka minne, leo unatufundisha kunywa." Simfundishi mtu. Na ndugu zangu msiokunywa kwa imani yenu nawaheshimu, mama yangu ni mmoja wenu. Nasema na wenzangu wanaokunywa mvinyo wa Dodoma tumbo tupu, umeganda kwa baridi ya friji, umechanganywa na soda, halafu wanatangaza kwamba mvinyo wetu ni mbaya. Mbaya ukinywewa na chakula gani? Mwekundu wa huku wenyewe, unaonywewa kwenye nyuzi joto 16 hadi 18, ukiufanyia hivyo utautema.

Mwingine atasema Wareno wana historia. Kweli, mipaka ya eneo la mvinyo la Douro iliwekwa mwaka 1756. Lakini wao wanavuna mara moja kwa mwaka, sisi tunavuna mara mbili! Na mbuzi je? Mbuzi wa Ugogo, aliyelelewa kwa miiba na majani makavu, sijaona wa kumfikia hapa, na nimekula wa kwao wengi. Zabibu nyekundu ya Makutupora, kulekule Dodoma, ikikamuliwa ikawa mvinyo mkavu, bila kuongezwa sukari, nyama ya kuliwa nao ndiyo hiyo.

Kinachoniuma ni kwamba mvinyo wetu na mbuzi wetu havikutani. Mwaka mmoja baba alivuna, kreti zikakaa chini ya mti siku tatu zikisubiri gari la mnunuzi. Nyuki walijaa hadi ukashindwa kusogea. Siku ya nne aliziuza kwa bei ya kutupa kwa jirani anayekamua mchuzi wa zabibu, yaani maji yake ya kutengenezea mvinyo, na mchuzi wenyewe nao ukakaa kwenye matangi bila mtu wa kuuchukua. Usiku huohuo mjini mbuzi walikuwa wanachomwa kila kona, na mezani kuna bia, au chupa ya mvinyo iliyovuka bahari. Zabibu yetu inaoza, mbuzi wetu anaiva, na hakuna aliyefikiria kuviweka kwenye meza moja. Hilo si suala la umaskini. Yule mzee wa Régua si tajiri, mashuka yake ya meza yana viraka.

Desemba nakuja. Nitabeba chupa moja ya Douro, na nyekundu kavu ya Dodoma nitainunua hapohapo nyumbani. Mjomba atachinja. Mnaosema najivuna, njooni siku hiyo, mle kwanza.