Hao Farasi 30 Wanalala Wapi?

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, hapa Dar, kafungua boneti ya Mark X yake kila apitaye aone. Boksi la filta lililokuja na gari kutoka Japani halipo. Mahali pake kuna bomba linalong'aa na filta nyekundu ya koni. "Kaka, inavuta hewa baridi, imeongeza nguvu za farasi 30!" Kaambiwa na aliyemuuzia. Sasa muuzaji naye ulitaka asemeje?

Tuanze na hilo boksi. Lile bomba jeusi la plastiki lililokuwa linachungulia mbele, karibu na grili, halikuwa pambo. Lilikuwa linavuta hewa ya nje, hiyo hiyo hewa baridi mnayoitafuta kwa pesa. Mmeling'oa, mkaweka koni wazi pembeni ya injini, inavuta joto la rejeta na la ekzosi. Baridi ya wapi? Kaa kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana: nje nyuzi 32, chini ya boneti nyuzi 60 zinafika bila shida. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 32 kwa takriban asilimia 8. Oksijeni pungufu, kompyuta inapunguza petroli, nguvu inashuka. Umelipa ili gari lichoke.

"Lakini linavuta kweli!" Linanguruma kweli. Boksi lilikuwa linaizima hiyo sauti; sasa sikio limelewa, mguu nao unakanyaga zaidi.

Vumbi letu sitaki hata kulianza. Likipenya kwenye koni hadi ringi za pistoni zikalika, utakuwa mteja wa kudumu wa duka la oili. Na koni za kupakwa mafuta, ukizidisha kidogo tu, sensa ya hewa inachafuka.

Haya, wenye Subaru za turbo (pampu ya kusukumia hewa kwenye injini) waliobadili na programu ya injini, koni wakaikinga na joto, wanapata kitu. Nakubali, ingawa shingo upande. Injini isiyo na turbo, hata ukiifungia vizuri, inaambulia farasi wachache, tena kwenye mizunguko ya juu ambayo Barabara ya Morogoro haikupi nafasi ya kuifikia.

Msiniamini mimi. Mashine ya kupimia ya fundi umeme inaonyesha joto la hewa inayoingia kwenye injini. Soma namba ukiwa na boksi, kwenye foleni, halafu funga koni usome tena. Namba ikishuka, koni ya pili nanunua mimi.