Nani aondoke uwanjani?

Desemba 2015, mjini Ntungamo, magharibi mwa Uganda, msafara wa Amama Mbabazi, waziri mkuu wa zamani aliyekuwa akigombea urais, ulikutana na vijana wa fulana za njano za chama tawala, NRM. Ngumi zikatembea, video zikazagaa nchi nzima, kila upande ukaapa kwamba mwenzake ndiye aliyeanza. Baadaye aliyetangaziwa zawadi ya shilingi milioni 20 ili apatikane alikuwa Christopher Aine, mkuu wa ulinzi wa Mbabazi.

Nalirudia tukio hilo la zamani kwa sababu kila msimu wa kampeni tunarudi pale pale. Kundi la pili limekuja kuvuruga mkutano. Polisi wamwondoe nani?

Mkuu wa polisi wa wilaya, DPC kama tunavyomwita, ana hoja yake. Askari wake ni wachache, uwanja umefurika, na damu ikimwagika ataulizwa yeye, hataulizwa profesa wa sheria. Kuufunga mkutano ni kazi ya dakika chache. Tena wale wanaozomea ni Waganda vilevile: ibara ya 29 ya Katiba inampa haki ya kuandamana kwa amani na bila silaha anayempenda mgombea na asiyemtaka. Na tuseme kweli, walinzi wa Mbabazi siku ile hawakuwa kondoo.

Lakini hebu tupige hesabu. Kama fujo za waliokuja kupinga zinatosha kuufunga mkutano, basi bei ya kumnyamazisha mgombea ni nauli ya vijana wa lori moja na soda zao. Anayezilipa hahitaji hoja, hahitaji hata kushinda ugomvi. Ugomvi uanze tu, mabomu ya machozi yatamalizia. Mwisho wake mgombea atahutubia pale tu anapopendwa, na mpiga kura wa Ntungamo, nyumbani kwao Mama Janet Museveni, mke wa rais, hatawahi kumsikia mtu wa upande mwingine kwa masikio yake. Hili ndilo linaloninyima usingizi, kuliko hata mawe. Kampala mwaka 2007 tuliwaona wanaume wenye fimbo wakiwacharaza waandamanaji, wakaitwa Kiboko Squad. Kiswahili chetu kilipata umaarufu siku hizo, na si kwa heri.

Swali lenyewe si geni. Mwaka 1882 huko Uingereza, Jeshi la Wokovu lilikuwa likiandamana na nyimbo zake mjini Weston-super-Mare, na genge lililojiita Jeshi la Mifupa likiwavamia. Wakubwa wa mji wakawakamata waimbaji. Mahakama ikakataa: tendo halali haligeuki kosa kwa sababu mwingine amelikasirikia. Mwaka 1988 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika kesi ya madaktari wa Austria waliopinga utoaji mimba, ikaongeza kwamba dola inawajibika kuwakinga waandamanaji dhidi ya wapinzani wao. Haikudai miujiza, ilidai hatua za maana. Hapa kwetu, Machi 2020, Mahakama ya Katiba ilibatilisha kifungu cha 8 cha sheria ya mikutano ya 2013, kile kilichowapa polisi mamlaka ya kuuzuia mkutano.

Sheria hiyohiyo ilimtaka mwandaaji atoe taarifa angalau siku tatu kabla. Kwa DPC siku tatu ni nyingi: aweza kuamua kundi la pili lisimame ng'ambo ipi ya barabara, wazomee wapendavyo, na askari wake wachache wakae katikati. Anayevuka na jiwe mkononi akamatwe yeye, mkutano uendelee. Badala yake, ukifika uwanjani mapema mara nyingi utawakuta askari wamejipanga wakilitazama jukwaa, migongo yao kwa barabara ambako lori litatokea.