Hiyo Historia Mmeianzia Wapi?

Kuna mkahawa wa ghorofa hapa Kisumu, sitautaja, ambao umetundika historia yake ukutani. Eti mwanzilishi alifika, akaona machweo ya Ziwa Victoria, akapata maono. Maono! Ina maana siku zote hizo jua lilikuwa likizama bila shahidi.

Wenzangu, kula samaki huku ukitazama ziwa tulifunzwa na akina mama wa Lwang'ni, ufuo wa ziwa hapa Kisumu. Vibanda vya mabati, moshi wa kuni machoni, karai la mafuta likinguruma. Ngege, yaani sato, unamchagua mwenyewe, mnapatana bei, ndipo anakaangwa mzima, kichwa hadi mkia, analetwa na ugali na sukumawiki. Hakuna uma wala kisu. Unaletewa jagi na beseni, unanawa. Mkubwa akishuka kwenye gari la serikali anabanana benchi moja na makanga, na hapo kando magari yanaoshwa ndani ya ziwa lenyewe.

Ukutani pale hakuna hata mstari kuhusu samaki. Mbuta, yaani sangara, aliingizwa ziwani miaka ya 1950, akawamaliza wenyeji wengi wa maji haya. Baadaye vikaja viwanda, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukaachiwa mgongo wazi, kichwa na mifupa iliyobaki baada ya minofu kutolewa. Nani aliyeyachukua mabaki yale, akayakaanga, akalisha mji na kusomesha watoto? Si mtu wa maono. Na siku hizi samaki wa barafu kutoka Uchina anauzwa hapahapa Kisumu, kwa hiyo unaweza kukaa mbele ya ziwa ukala samaki asiyewahi kulionja.

Kisha bandari ikafufuliwa, na vibanda vikavunjwa. Sawa, mafuta ya magari yalikuwa yakiingia majini, na choo cha pale kilitaka moyo. Mkahawa wa ghorofa una choo safi, nimekubali. Mandhari nayo wasijisifu sana: gugumaji likiamua kuja ghubani, unatazama shamba.

Lakini kama kweli mnataka historia, mtafuteni mama mmoja aliyekaanga Lwang'ni, mkabidhini jiko, jina lake liandikwe juu ya menyu. Na mshahara uwe wa mpishi mkuu, si wa kibarua wa kuparua magamba.