Kabla hajachorwa alama za mionzi, mwangalieni anavyotembea

Kabla ya tibamionzi mgonjwa huulizwa mengi: mimba, kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, kama aliwahi kupigwa mionzi. Kuhusu kurithi, mara nyingi huishia kwenye nani mwingine wa ukoo alipata saratani. Kwangu hilo halitoshi.

Mtoto mwenye limfoma, saratani ya chembe za kinga, ambaye anayumba tangu alipoanza kutembea, nimonia haimwachi, na weupe wa macho yake una vishipa vyekundu visivyowasha wala kutoa tongotongo, asilazwe kwenye meza ya mionzi kabla ya kuchunguzwa ugonjwa wa kurithi uitwao ataksia-telanjiektasia. Huurithi akipata nakala mbili mbovu za jeni ya ATM, moja kwa baba, nyingine kwa mama. Vile vishipa ni rahisi kudhaniwa mzio. Kipimo cha jeni kikiwa mbali, pimeni alfa-fetoprotini, kipimo kilekile cha damu cha saratani ya ini: akishavuka miaka 2, wengi wao huwa nayo juu.

Mionzi hukata nyuzi zote mbili za DNA, na ATM ndiyo inayopiga mbiu kwamba zimekatika. Dozi ya grei 50 (grei ni kizio cha mionzi), kwa mfano, hugawanywa mara 25, grei 2 kwa siku, ili tishu zisizo na saratani zipate saa za kujirekebisha. Kwa mtoto huyu mbiu hailii, basi mapumziko hayo ni bure. Wapo waliokufa kwa dozi ya kawaida. Kumpunguzia kidogo ni kubahatisha. Heri dawa za saratani kwa uangalifu, ila mojawapo, bleomaisini, iachwe, maana nayo hukata DNA.

Hitilafu ya kurithi kwenye jeni ya TP53 ina balaa jingine: ngozi hupona vizuri, kisha miaka baadaye sarkoma, saratani ya mifupa, misuli na tishu kama hizo, huweza kuzuka palepale. Mama mwenye hitilafu hiyo na saratani ya titi, kama kuondoa titi lote kutamwepusha na mionzi, aelezwe hivyo mapema.

BRCA1 na BRCA2, jeni za saratani ya titi ya kurithi, huogopwa bure; wenye hitilafu zake mionzi haiwaunguzi kuliko wengine.

Na mgonjwa wa titi akibabuka wiki ya kwanza, wakati wekundu wa kawaida huanza ya pili au ya tatu, msikimbilie jeni. Kagueni kwanza hesabu ya dozi, sehemu miale ilipopandana, na dawa anazomeza. Kosa la hesabu halimwishii yeye. Aliye nje kwenye benchi anasubiri mashine ileile.