Nimeajiriwa na mbuzi yatima, likizo hakuna

Kuna watu wakisikia una shamba wanajua we kazi yako ni kukaa chini ya mti unahesabu mifugo, njooni basi muone mtu mzima na ndevu zake ananyonyesha saa nane usiku. Mbuzi kafa kwenye kuzaa, kaacha mapacha, dume na jike, familia ikakaa kikao cha dakika moja ikaamua mlezi ni mimi, eti kwa sababu mi ndo huwa silali mapema. Silali mapema naangalia mpira jamani!

Na hakuna muda wa kuomboleza. Kambuzi kakizaliwa lazima kapate dang'a saa zile chache za mwanzo, maana kinga hakazaliwi nayo, yote inatoka humo kwenye maziwa ya kwanza, na ikifika kama saa 24 utumbo ushafunga milango, hapo hata umwage ndoo nzima kinga haiingii. Sasa dang'a nitoe wapi na mwenye nayo ndo huyo kalala hapo? Ikabidi nimnyatie mbuzi mwingine aliyezaa jana yake, akanipiga teke la goti kwa kuona nimekuja kuiba, na kweli nilikuja kuiba.

Mwenye akili zake mmoja akasema si umbandikie tu huyo mbuzi wale yatima walelewe huko huko. Haya, tukajaribu. Mbuzi anamjua mwanawe kwa harufu, yule mama akamnusa dume huku na huku kama mlinzi anayekagua kitambulisho, kisha akampiga kichwa. Ombi limekataliwa. Turudi kwenye chupa.

Chupa nayo ina masharti kuliko mkopo. Maziwa yawe na joto la nyuzi 38, 39 hivi, umpe kidogo kidogo mara nyingi, anywe amesimama shingo juu kidogo, ukimlaza chali ukajifanya unabembeleza maziwa yanaenda kwenye mapafu. Na akiwa wa baridi, joto la mwili liko chini ya nyuzi 37, usimpe kitu, mpashe moto kwanza, tumbo lililopoa halisagi. Sasa joto utalijuaje bila themomita, na themomita ya mbuzi, samahani kwa mnaokula, haiwekwi kwapani. Mke wangu kanikuta jikoni usiku, jike nimemfunika sweta langu zuri, themomita iko inakokaa, akanitazama weee, akaniuliza mbona yeye akiumwa huwa namwambia anywe maji alale. Nikakosa jibu. Mpaka leo sina.

Halafu washauri! Kila anayepita anaona tumbo limeingia ndani, "muongezee, ana njaa huyo." We umeshaambiwa kulia kwa mbuzi ni njaa tu? Hawa wanalia wakikuona, wanalia wasipokuona, wanalia wakisikia mlango. Ukiwasikiliza washauri ukawajaza maziwa wanaharisha, na mtoto anayeharisha anaishiwa maji mwilini anaweza kukufia mkononi, sasa usiku wa kuharisha mbona washauri siwaoni? Nashinda na kitambaa peke yangu.

Sasa hivi wameanza kutafunatafuna majani, nikashangilia nikajua kazi imeisha, kumbe huko ni kuonja tu, maziwa bado yanaenda miezi miwili na zaidi. Na lile dume ndo balaa lenyewe. Dume aliyelelewa kwa chupa hamuogopi binadamu, anakuona mbuzi mwenzie, akikua anakupima ubavu. Dawa yake mchanganye na mbuzi wenzie mapema na usicheze naye kusukumana vichwa. Kawaambie wanangu sasa, kila wakitoka shule wanainama, dume linarudi nyuma, linakuja, kibe! wanacheka mpaka wanakaa chini. Wao hawaendi bandani alfajiri, mi ndo naenda, na magoti ni yangu.

Na habari zishasambaa. Jirani kapiga simu asubuhi, kondoo wake kazaa watatu na chuchu ni mbili, kasikia mi mtaalamu. Nikakata nikazima kabisa. Sasa hivi yuko hapo nje anapiga hodi, na kashika boksi.