Kasisi Clayton na yale majina

Ndugu mwandishi, asante kwa makala kuhusu Kasisi Philip Clayton wa jeshi la Uingereza. Wengi mnasifu Talbot House, nyumba aliyoifungua Poperinge, Ubelgiji, Desemba 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ambako afisa na askari wa kawaida walikunywa chai pamoja, vyeo vikabaki mlangoni. Ni kweli, jeshini hilo si jambo dogo. Lakini kwangu kubwa zaidi ni yale majina. Askari walioshiriki Meza ya Bwana kule darini, madhabahu ikiwa meza ya seremala, alitunza majina yao. Vita ilipokwisha akawatafuta waliosalia, na hapo ndipo ilipozaliwa Toc H, jumuiya ya kuhudumia watu.

Vita hiyohiyo ilipita hapa Moshi. Waingereza waliingia mjini Machi 1916, na maelfu ya wapagazi Waafrika wakafa kwa njaa na maradhi, wengi wakazikwa bila jina kaburini. Inaniuma sana. Leo tuna askari wastaafu na wajane wao, Marangu hadi Machame. Wachungaji, mapadri na masheikh wetu, nawaomba tuanze na daftari: nani yupo, anaishi wapi, ana shida gani. Harambee ije baadaye.