Posho ya kikao kwa wajumbe wa bodi: ilipwe au ifutwe?

Mwaka 2011, mbunge wa Tanzania Zitto Kabwe alipokataa kupokea posho ya kikao bungeni, mjadala ulipamba moto nchi nzima, lakini ulijikita zaidi kwa wabunge. Bodi za mashirika yasiyo ya kiserikali hazikuguswa, ingawa huko ndiko swali lilipo gumu zaidi. Mbunge ana mshahara. Mjumbe wa bodi ya shirika hana. Je, naye alipwe kwa kukaa kikao?

Wanaotetea posho wana hoja nzito, na wanaoibeza mara nyingi ni watu wenye kipato cha uhakika. Chukulia shirika lenye ofisi Dodoma mjini linalopigania haki za ardhi za wanawake vijijini. Likitaka bodini mwanamke anayelima mtama Kongwa, basi mama huyo ataacha shamba msimu wa palizi, atafute wa kubaki na watoto, apande basi, alale mjini, arudi kesho yake. Kumwambia kwamba ujumbe wa bodi ni kazi ya kujitolea ni kumwambia kwa upole abaki nyumbani. Meza itabaki na wakili, mhadhiri na ofisa mstaafu, wanaojadili kijiji bila mwanakijiji. Hilo si dogo. Shirika la namna hiyo hujikuta linaandika miradi inayowapendeza wafadhili, na wa kusema "hiki hakitufai" hayupo.

Upande wa pili nao nimeuona kwa macho. Taarifa ya fedha ya robo mwaka inagawiwa wajumbe wakiwa wamekwisha kaa, kurasa kadhaa za tarakimu zinazofika pamoja na soda na sambusa. Mkurugenzi anaipitia harakaharaka. Mjumbe mmoja anauliza kwa nini masurufu, yaani fedha za kazi zilizotolewa mapema, yaliyochukuliwa Machi hayajarejeshwa na sasa ni Septemba. Anajibiwa kwamba yanashughulikiwa. Saa saba na nusu, kabla hata ya kufika kwenye "mengineyo", mhasibu ameanza kuzunguka na karatasi ya kusaini na bahasha. Yule mjumbe anasaini kama wenzake. Kikao kinachofuata, suala la masurufu halimo hata kwenye yatokanayo.

Simtuhumu kwamba alinunuliwa. Kiasi chenyewe huwa si kikubwa hivyo. Tatizo ni mkondo wa fedha: bodi ndiyo inayomwajiri mkurugenzi, kumpima na kumwachisha kazi, halafu mkurugenzi huyohuyo ndiye anayeidhinisha hati ya malipo ya bodi. Mjumbe anayetegemea bahasha hiyo kwa ada ya mtoto hahitaji kutishwa na mtu ili apunguze maswali. Tena posho hulipia kukaa tu. Kusoma makabrasha wiki moja kabla, kuzungumza na mkaguzi wa hesabu bila mkurugenzi kuwepo, kwenda kuona kisima kama kweli kinatoa maji, yote hayo hayana bahasha, na ndiyo kazi hasa ya mjumbe.

Basi tufute posho, tubaki na wanaojitolea? Uingereza kwa kawaida wadhamini wa mashirika ya hisani, yaani wajumbe wa bodi zake, hawalipwi, hurudishiwa gharama tu. Shirika la Kids Company la London, lililohudumia watoto na vijana wenye shida, lilikuwa na wadhamini wa kujitolea, baadhi yao watu maarufu. Lilifungwa Agosti 2015, siku chache baada ya serikali kulipa ruzuku ya pauni milioni 3. Kamati ya Bunge iliwalaumu vikali wadhamini hao, na kutojenga akiba kulikuwa kati ya lawama zenyewe. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la kuwazuia kuwa wakurugenzi wa kampuni. Mwaka uliofuata msimamizi wa mashirika ya hisani akasema kulikuwa na usimamizi mbaya. Haki ya kila upande iwe itakavyokuwa, hapakuwa na posho pale, na bado shirika liliishiwa fedha. Kutolipwa hakumfanyi mtu aulize kuhusu akiba.

Kwetu swali la akiba lilikuja kwa kishindo Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje. Bodi zilitakiwa kuamua haraka: mishahara ya mwezi ilipwe kwa fungu gani, nani aachishwe kazi, pango la ofisi liendelee? Bodi ambayo posho na nauli zake zote zimo kwenye bajeti ya mradi hukosa fedha ya kukutana siku ileile inapohitajika kuliko siku zote. Akidi haitimii, mkurugenzi anaamua peke yake.

Kwa hiyo naungana na wanaotaka mjumbe alipwe, ila si kwa bahasha ya kikao. Arudishiwe nauli, malazi na chakula chote, na asiye na mshahara afidiwe siku aliyopoteza. Kiwango kipangwe na mkutano mkuu wa wanachama, kitoke kwenye mapato ya shirika lenyewe, na kisiongezeke kwa kuzidisha vikao. Najua baadhi ya wajumbe wazuri wataondoka, hasa wastaafu walioizoea posho, na uzoefu wao utakosekana. Naona heri gharama hiyo.

Kikwazo kinachonisumbua ni kwamba katika mashirika mengi wanachama wa mkutano mkuu, waanzilishi na wajumbe wa bodi ni watu walewale. Wakijipangia, tumerudi tulikotoka. Ndiyo maana kiwango hicho, na jumla iliyolipwa kwa bodi nzima, viandikwe kwa tarakimu kwenye taarifa ya mwaka inayokwenda kwa Msajili wa mashirika hayo, na nakala ibandikwe kwa Kiswahili katika ofisi ya kijiji ambako mradi unafanyika.